Injini Kubwa, Mtumbwi Mdogo: Tusinunue Kifo kwa Akiba Yetu

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa viwandani na wa mashambani,

Katika mikutano ya tawi letu hapa Nateete, swali moja limeletwa tena na tena. Wanachama waliokusanya akiba wakanunua mtumbwi wa kuvulia au wa kubeba watu wanauliza: tufunge injini ya ukubwa gani? Wengine hata hawaulizi. Wao wamekwisha amua kwamba iliyo kubwa ndiyo bora, na kilichobaki ni kutafuta pesa. Tumeona heri tulieleze jambo hili kwa urefu, maana linagusa mambo mawili ambayo mfanyakazi hana ya akiba: uhai wake na jasho lake.

KWA NINI NATEETE ISEME HABARI ZA ZIWA

Mtu anaweza kusema: Nateete ni mahali pa viwanda, soko na magari, maji yako wapi? Tunamjibu hivi. Barabara ya Masaka inapita mlangoni kwetu. Ukipanda gari hapa ukapita Busega, unafika wilaya ya Mpigi, na huko ziko bandari ndogo za mitumbwi kama Katebo. Ukiendelea hadi Masaka na kukata kushoto unafika Bukakata, ambako wasafiri huvuka kwenda Luku, katika kisiwa cha Bugala. Huko Bugala yako mashamba makubwa ya michikichi, na wengi wa wavujajasho wake ni ndugu zetu waliotoka bara.

Tena mshahara wa kiwandani haumfikishi mtu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wafanyakazi wa Nateete na Nalukolongo hutafuta kitu cha pembeni. Mmoja hununua pikipiki, mwingine hufuga kuku, na wengine huchanga wakawa na mtumbwi ziwani unaoendeshwa na ndugu yao. Hilo ni jambo jema. Lakini mtumbwi una sheria zake, na sheria hizo hazijali kama mwenye mtumbwi ni maskini au tajiri.

YALIYOWAPATA WENZETU

Kikundi kimoja cha wanachama wetu, watu kumi na wawili, walichanga kwa miaka miwili. Walikuwa na mtumbwi wa mbao uliojengwa kwa injini ya nguvu za farasi 15. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika akawaonyesha injini ya 40, bei ikiwa karibu sawa na ile ya 15 iliyo mpya. Wakaona wamepata bahati. Wakaifunga.

Wiki za kwanza kila mtu alifurahi. Mtumbwi ulikimbia, samaki walifika mapema. Kisha maji yakaanza kuingia kidogo kidogo upande wa nyuma. Wakaziba kwa pamba na bati, wakaendelea. Asubuhi moja, mtumbwi ukiwa umepakia samaki, ubao wa nyuma ulichomoka misumari upande mmoja. Injini ikapinda, ikachomoka pamoja na kipande cha ubao, ikazama. Mtumbwi ukajaa maji. Kwa kuwa ilikuwa karibu na ufuo, na mitumbwi mingine ilikuwapo, hakuna aliyekufa. Lakini akiba ya miaka miwili ya watu kumi na wawili iko chini ya ziwa, na mpaka leo wako wanachama ambao hawasalimiani kwa sababu ya injini ile.

Hatuwataji ili kuwaaibisha. Wao wenyewe ndio waliotuomba tuandike, ili wengine wasifuate njia ile.

MTUMBWI SI LORI

Sisi wa viwandani tunajua mashine. Kama mashine imejengwa kwa mota ya nguvu 5, ukafunga ya 20, nini kitatokea? Mkanda utakatika, au shafti itapinda, au bolti za chini zitang'oka sakafuni. Mota haina kosa. Kosa ni kutia nguvu mahali pasipoweza kuipokea. Wenzetu wa karakana ya reli ya Nalukolongo wanajua zaidi: kichwa cha treni kina nguvu, lakini ukikipitisha kwenye reli dhaifu, nguvu ile ile ndiyo itakayokiangusha.

Mtumbwi ni hivyo hivyo. Mtumbwi wa zamani wa Ssese ulishonwa kwa kamba na kuendeshwa kwa makasia. Umbo lake liliwekwa kwa nguvu za mikono ya watu, waliokaa tangu mbele hadi nyuma. Injini haisukumi hivyo. Nguvu yake yote inapita mahali pamoja, kwenye ubao wa nyuma. Ubao ule unasukumwa, unatikiswa na unavutwa huku na huku kila dakika. Usipokuwa mnene, tena umeshikwa vizuri na mbao za pembeni na za chini, utaachia tu. Ni suala la siku.

NGUVU HAIZAI MWENDO KAMA TUNAVYODHANI

Watu wengi wanafikiri injini ya nguvu mara mbili itatoa mwendo mara mbili. Majini sivyo. Mtumbwi uliojaa mzigo unalisukuma ziwa mbele yake, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo maji yanavyozidi kukataa. Kwa kadirio la wajenzi wa vyombo, mtumbwi mzito wenye futi 28 majini unakwenda kwa raha kama kilomita 13 kwa saa. Mtumbwi mwembamba waweza kuzidi hapo. Lakini ili mtumbwi wa namna hiyo uende mara mbili ya mwendo wake, huhitaji nguvu mara mbili, unahitaji nguvu kama mara nane.

Tuifanye hesabu pamoja. Tuseme injini ya 15 inakupeleka kilomita 13 kwa saa. Ukifunga ya 40, hutapata kilomita 35. Utapata kama 18. Sasa tuangalie petroli. Kwa moto wote, injini ya 15 ya aina ya kuchanganya oili hula kama lita 6 kwa saa, na ya 40 hula kama lita 15. Safari ya kilomita 26 kwa injini ya 15 ni saa mbili, yaani lita 12. Kwa injini ya 40 ni kama saa moja na nusu, yaani lita 22. Umepunguza nusu saa kwa lita 10 za petroli, kwenda tu. Kurudi ni lita 10 nyingine. Kila mwanachama apige hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya Nateete, halafu aseme kama nusu saa ile ina thamani hiyo.

HATARI ZENYEWE

Sasa tuzitaje hatari moja moja, ili kila mtu aweze kuzieleza kwa mwenzake.

Kwanza, uzito. Injini ya 15 ina kama kilo 40. Ya 40 inapita kilo 70. Ya 75 inapita kilo 100. Uzito huo unakaa nyuma kabisa, pamoja na mwendeshaji na tangi la petroli. Nyuma inazama, mbele inapanda, na ubao unaobaki juu ya maji kule nyuma unapungua. Wimbi dogo ambalo jana lisingeingia, leo linaingia.

Pili, moto mwingi. Ukiongeza moto ghafla, nyuma inachimba maji na mbele inanyanyuka. Mwendeshaji haoni mbele. Gogo, nyavu, hata mtumbwi mdogo wa mwenzake, havioni.

Tatu, kupunguza moto ghafla. Hili wengi hawalijui. Mtumbwi unaokimbia unaburuta wimbi lake mwenyewe nyuma yake. Ukizima moto mara moja, mtumbwi unasimama lakini wimbi halisimami. Linakuja, linapanda juu ya ubao wa nyuma, linajaza mtumbwi. Umezamishwa na wimbi ulilolitengeneza wewe.

Nne, kukata kona. Injini kubwa inayoongozwa kwa mkono ina nguvu kuliko mkono wa mtu. Ikigeuka ghafla, mtumbwi unalala upande. Watu wanateleza, mzigo unateleza, na mtumbwi unapinduka. Mwendeshaji akirushwa majini, injini inaendelea kuzunguka na pangaboi linaweza kumrudia. Ndiyo maana injini nyingi huja na kamba fupi ya kujifunga mkononi, inayoizima mtu akianguka. Tumeona kamba hizo zimetundikwa nyumbani msumarini kama pambo.

Tano, kuchoka kwa mbao. Mtikisiko wa injini kubwa hulegeza misumari na kutoa pamba ya kuziba. Uharibifu huu hauonekani siku ya kwanza. Unakuja polepole, kama kutu katika boila, na siku ya kupasuka ni siku ya mzigo mkubwa.

Sita, tamaa. Mwenye injini kubwa husema: kwa kuwa nina nguvu, naweza kupakia zaidi. Lakini injini haiuongezei mtumbwi nafasi ya kubeba. Inaipunguza, kwa sababu yenyewe ni mzigo.

«LAKINI DHORUBA IKIJA TUTAIKIMBIA»

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi, na lina ukweli ndani yake. Injini ndogo mno nayo ni hatari. Mtumbwi mkubwa wenye injini isiyoweza kushinda upepo utasukumwa kwenye mawe. Hatusemi watu warudi kwenye makasia. Tunasema injini ilingane na chombo.

Ama kuhusu kukimbia dhoruba, mawimbi makubwa hayakimbiwi kwa moto wote. Mtumbwi wa mbao unaopigwa na mawimbi kwa mwendo mkali hupasuka haraka zaidi. Nahodha mwenye akili hupunguza moto, huelekeza omo kwenye wimbi, na kwanza kabisa huangalia mbingu kabla ya kutoka. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba linachukua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika nchi zetu tatu. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wengine wanasema: injini huku kwetu hazitoi nguvu iliyoandikwa juu yake, ndiyo maana tunanunua kubwa. Hilo pia ni kweli kwa sehemu. Ziwa letu liko juu, mita kama 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Injini inapoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu yake. Ya 15 inafanya kazi kama ya 13 na nusu. Lakini upungufu huo hauhitaji injini ya 40. Dawa yake ni kuchagua pangaboi lenye mbetuko mdogo zaidi, ili injini izunguke inavyotakiwa. Pangaboi bei yake ni ndogo sana kuliko injini. Muulizeni fundi wa injini, si muuzaji tu.

WENGINE WAMEPANGAJE

Marekani, tangu mwaka 1972, mtengenezaji wa mashua ya injini iliyo chini ya futi 20 hulazimika kubandika kibao kinachosema watu wangapi, uzito gani, na kama ni ya injini ya kufunga nyuma, nguvu ya mwisho ya injini. Hesabu yao si siri. Huzidisha urefu wa mashua kwa upana wa nyuma, kwa futi. Mashua ya futi 16 yenye nyuma ya futi 4 inapata 64. Kama ina tako bapa na inaongozwa kwa mkono, huchukua nusu ya 64 na kutoa 15, inabaki 17, nao hupandisha hadi 20. Basi hiyo ndiyo nguvu ya mwisho. Mashua yenye vipimo hivyo hivyo, ikiwa na usukani wa gurudumu mbele na ubao wa nyuma ulio mrefu wa kutosha, inaruhusiwa 40.

Oneni jambo hilo. Urefu ule ule, upana ule ule, lakini anayeshika injini kwa mkono anaruhusiwa nusu tu. Wamejua kwamba mkono wa mtu una mwisho wake. Mitumbwi yetu imejengwa kwa namna nyingine, na mingi ni mirefu kuliko hiyo, kwa hiyo hatusemi tuichukue hesabu yao kama ilivyo. Tunasema tujifunze kupima kabla ya kununua.

Hapa Uganda, tangu mwaka 2017 jeshi lilipoanza operesheni ya kulinda samaki ziwani, mitumbwi ya chini ya futi 28 iliandamwa sana, na wavuvi wengi wadogo walipoteza vyombo vyao. Tunasema wazi kwamba mzigo huo uliwaangukia wanyonge. Hata hivyo tunawaonya wanachama: kuunga mbao kwenye mtumbwi wa zamani ili ufikie urefu, halafu kuupa injini kubwa, si sawa na kujenga mtumbwi wa futi 28. Mahali pa maungio ndipo patakapokatika.

TUSISAHAU WALIOKUFA

Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha MV Templar kilizama katika ziwa hili upande wa Mukono, kikiwa na watu waliokwenda kustarehe. Watu zaidi ya 30 walikufa. Serikali ilieleza kwamba chombo kilipakia kupita kiasi na hakikuwa na leseni. Miezi miwili kabla yake, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa. Vyombo hivyo havikuzama kwa sababu ya injini kubwa. Tunavitaja kwa sababu mzizi ni mmoja: chombo kilitakiwa kubeba zaidi ya kilivyojengwa kubeba, na waliokuwa na uwezo wa kukizuia hawakukizuia. Injini isiyolingana na mtumbwi ni kosa la ukoo huo huo.

HAKI YA MFANYAKAZI MAJINI

Sasa tuseme na ndugu wa mashambani na wa visiwani, ambao mtumbwi si mali yao bali ni usafiri wa kazini. Mwajiri akikodi mtumbwi mdogo, akaufunga injini kubwa ili watu wafike mapema na safari ziwe nyingi, faida ni yake na hatari ni yenu.

Jueni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Jueni pia kwamba sheria ya fidia ya wafanyakazi inahesabu ajali iliyompata mtu akienda kazini moja kwa moja, au akirudi, kuwa ajali ya kazini. Mfanyakazi akifa, wanaomtegemea wanastahili fidia ya mishahara ya miezi 60. Na Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka vyombo viandikishwe na kupewa leseni. Kwa hiyo mnapouliza leseni ya mtumbwi iko wapi, hamfanyi fujo. Mnauliza jambo la sheria.

Lakini mtu mmoja akikataa kupanda peke yake, kesho ataambiwa kazi imekwisha. Watu arobaini wakikataa pamoja, mtumbwi utabadilishwa. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na chama.

TUFANYE NINI

Kamati ya tawi imekubaliana juu ya mambo haya, nasi tunawaomba wanachama wayafuate:

1. Kikundi kisinunue injini kabla ya fundi aliyejenga mtumbwi kusema ni nguvu gani ubao wa nyuma unaweza kubeba. Aseme mbele ya wanakikundi wote, na katibu aandike.

2. Kama lazima injini kubwa, basi kwanza jengeni mtumbwi wake. Msianze na injini.

3. Injini ifungwe kwa bolti zinazopita ubao mzima, si kwa kubana peke yake. Bolti na ubao vikaguliwe kila wiki. Maji yakianza kuingia nyuma, mtumbwi upumzike hadi utengenezwe.

4. Mwendeshaji afunge kamba ya kuzimia injini kila safari. Apunguze moto polepole, asizime ghafla.

5. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Avae mwilini. Lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

6. Pesa inayobaki kwa kununua injini ndogo isinywewe. Inunue majaketi, pangaboi linalofaa, makasia mawili ya akiba na mafuta ya ziada.

7. Wajumbe wa mashambani waandike orodha ya mitumbwi inayobeba wafanyakazi, urefu wake na injini yake, wailete kwa chama. Tutakwenda kwa waajiri na karatasi mkononi, si kwa maneno matupu.

Ndugu wafanyakazi, hatuandiki haya kuwakatisha tamaa wenye mitumbwi. Tunataka mfanyakazi awe na mali. Lakini mali iliyo chini ya maji si mali, na mwenzetu aliyezama hawezi kuhudhuria mkutano. Asiye na hakika ya injini yake afike ofisi ya tawi Jumamosi yoyote baada ya kazi, aje na vipimo vya mtumbwi: urefu, upana wa nyuma na unene wa ubao. Tutakaa naye pamoja na fundi, tupige hesabu.

Umoja ni nguvu. Usalama ni haki yetu.